Palikuwa nini? Namna ya kusema vitu vilivyokuwako

Maneno haya yalisemwa katika mukutano wa mwezi wa wanachama, hapa Mahagi-Port. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao siku ile walikuwa ziwani ao sokoni.



Leo hatutaanza na makuta ya sanduku. Mutunza-sanduku atasema yake mwisho, kama kawaida. Tutaanza na neno moja ambalo kila mutu hapa analisema mara mingi kwa siku bila kulifikiri: kulikuwa. Munaweza kucheka. Tangu lini chama cha kusaidiana kimegeuka kuwa masomo ya sarufi? Chekeni kwanza. Kisha musikilize, maana neno hili limekwisha kumuumiza mutu wetu mmoja, na kosa lilikuwa la komite.

Munajua mambo ya mama yule mujane, hatutamutaja jina. Alirudi kutoka ng'ambo ya ziwa, kisha miaka ya kambi. Alipofika kwake alikuta uwanja umelimwa, mihogo imesimama, na mutu mwingine ndiye anaipalilia. Akapeleka maneno yake mbele ya wazee wa kusikiliza. Juu hajui kuandika, sisi wa komite tulimuandikia karatasi. Alitueleza muda mrefu: muembe uko wapi, mulango wa nyumba ulitazama wapi, bwana yake alinunua bati siku gani, mutoto wao alizikwa nyuma ya jiko. Giza lilikuwa linaingia, na sisi tulikuwa na haraka. Mambo yale yote tukayaweka katika sentensi moja: "Kulikuwa nyumba, vita ikaharibu."

Karatasi ikasomwa. Muzee mmoja akauliza: "Wapi? Ya nani? Tangu lini?" Yule aliyelima akasimama, akasema kwa upole: "Wazee, ni kweli. Kulikuwa nyumba mingi huku. Hata mimi ninajua. Vita iliharibu zote." Na hakusema uongo! Karatasi yetu ilimusaidia yeye kuliko mama. Siku ile mama alirudi kulala kwa dada yake, mikono mitupu. Wazee hawakukosa, hata yule mulimaji hakukosa siku ile. Sisi ndio tuliokosa. Tulimuandikia mama neno lisilo na mahali, lisilo na mwenyewe, lisilo na mwaka.

Tangu siku ile tumekuwa tunalizungusha neno hili katika kichwa. Na msaada ulikuja kutoka mahali ambapo hatukutazamia: kutoka lugha ya mbali, Kihispania.

Munakumbuka Bunia, mwezi wa 5 mwaka 2003. Jeshi la Uganda lilikuwa limetoka, vikundi vya silaha vikaupigania muji, na maelfu ya watu wakakimbilia karibu na makao ya MONUC na karibu na uwanja wa ndege. Askari wengi wa MONUC waliokuwa pale siku zile walitoka Uruguay, inchi ya Amerika ya Kusini ambako watu wanasema Kihispania. Kile kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kilifika mwezi wa 6 tu. Mwanachama wetu mmoja, ambaye leo ni baba wa watoto na ameketi katikati yenu, alikuwa kijana. Alikuwa anawachoteaka maji askari wale. Siku moja alipita na askari mmoja mahali penye majivu. Askari akanyosha mukono, akasema: "Aquí había casas." Kijana hakuelewa. Basi askari akachora nyumba hewani kwa vidole viwili, paa na kuta, kisha akafungua mikono, hakuna kitu. Kijana akaelewa: hapa kulikuwa nyumba.

Neno lile, había, lilibaki naye. Alipopata nafasi alijifunza zaidi. Tulipokuwa tunalia juu ya karatasi ya mama, ndiye aliyesema: "Wandugu, hata wale wageni wana neno kama letu, na lina mitego sawa na yetu." Tumekaa naye jioni mbili. Haya ndiyo tuliyoyapata.

La kwanza. Había ni wakati uliopita wa haber, na haber ilitoka katika neno la Kilatini la kusema "kuwa na kitu". Kifaransa chetu cha masomo ni vilevile: il y avait, ndani yake muko avoir, kuwa na. Na Kiswahili? Kulikuwa na. Tazameni ile na. Sisi watu wa Ituri tukisema haraka tunaiacha, tunasema "kulikuwa nyumba", na tunasikilizana bila shida. Lakini katika karatasi tuirudishe, juu ndiyo inayofungua akili. Lugha hizi tatu zinasema jambo moja: kitu kikiwako, kuko anayekuwa nacho. Sasa ni nani huyo?

Kwa Kihispania, hakuna. Había casas: ukitafuta mwenye zile nyumba katika neno lile humupati. Kwa Kifaransa vilevile, ile il si mutu. Iko pale tu kwa kujaza nafasi. Lakini Kiswahili kina mwenyewe! "Palikuwa na nyumba." Nani alikuwa na nyumba? Pahali. Ile pa- ya mbele ni pahali penyewe. Mutu anaweza kukimbia, nyumba inaweza kuteketea, lakini pahali hapakimbii. Panabaki, na neno letu linapasimamisha mbele ya wazee kama shahidi. Kitu hiki Kihispania hakina katika había. Katika hay, neno lao la sasa, ile y ya mwisho ilikuwaka zamani neno la kusema "pale". Katika había haiko. Kifaransa kimeishika katika y. Sisi tumeishika mara tatu.

Mara tatu, ndiyo: pa-, ku-, mu-. "Palikuwa na nyumba" ni mahali ninapoweza kupaonyesha kwa kidole: hapa, kando ya muti huu. "Kulikuwa na nyumba" ni upande mzima usio na mipaka: huko, upande wa kule, karibu na ziwa. "Mulikuwa na watu" ni ndani: ndani ya nyumba, ndani ya kijiji. Masokoni hatujali. Tunasema kulikuwa kwa yote, ao tunasema tu "ilikuwaka", na Mungu anatuelewa. Lakini mbele ya wazee, angalia tofauti. Mutu akisema "kulikuwa na nyumba yangu", anasema: upande ule. Hata mimi nina upande ule, na wewe pia. Akisema "palikuwa na nyumba yangu", lazima anyoshe kidole, na wazee lazima wainuke waende watazame. Sisi tuliandika ku- pahali pa pa-. Herufi mbili tu.

Na ile mu- iwaangalishe. Kwetu tunasema "munajua, munaenda" kwa ninyi wengi. Basi "mulikuwa na mihogo" inaweza kuwa "ndani ya shamba kulikuwa mihogo" ao "ninyi mulikuwa na mihogo". Katika maneno ya mashamba, kosa kama hilo linamupa mutu mali ya mwenzake kwa herufi tu. Andika "ndani ya shamba", utalala vizuri.

La pili. Había haihesabu. Nyumba moja ni había, nyumba mia ni había. Watu wengi wa Amerika ya Kusini wakiona vitu ni vingi wanasema habían, na walimu wanaifuta kwa bic nyekundu. Kwetu vilevile: palikuwa na mbuzi mumoja, palikuwa na mbuzi makumi. Neno la mbele halibadiliki. Watoto waliozaliwa Kyangwali na kusoma Kiingereza wanatuambia kwamba Kiingereza kinabadilisha neno kitu kikiwa kingi. Sisi hapana. Kwa hiyo neno letu halitakuhesabia. "Palikuwa na nyumba": ngapi? "Palikuwa na miti": ngapi, miti gani? Ukinyamaza, mwingine atahesabu pahali pako, na atahesabu kidogo. Hesabu mwenyewe. Na usizidishe. Ukisema ng'ombe ishirini na jirani yako anajua zilikuwa tatu, hata zile tatu zitakufa katika mdomo wako.

La tatu. Kihispania kina maneno mawili ya kulikuwa. Había ni jambo lililokuwa linakaa: kulikuwa nyumba, kulikuwa soko, siku kwa siku. Hubo ni jambo lililotokea na kuisha: kulikuwa moto, kulikuwa vita. Ukiwaza vizuri utaona sisi tunachanganya vitu hivi viwili katika neno moja, na hapo ndipo vita inameza nyumba. "Kulikuwa nyumba, kulikuwa vita." Masikio ya musikilizaji yanabaki na vita tu. Vita ni kubwa, nyumba ni ndogo. Kila mutu anajua vita: ile ya 1999 mpaka 2003, ile iliyoanza Djugu mwisho wa 2017 na kuwavusha watu makumi ya maelfu ziwani mwaka 2018, na ile ya mwezi wa 6 mwaka 2019 iliyoingia na huku Mahagi. Hakuna haja ya kumuelezea muzee kwamba kulikuwa vita. Mueleze kile kilichokuwako mbele ya vita, miaka yote ile wakati hakuna aliyekuwa anakutazama.

Lakini musikate tamaa, Kiswahili chetu cha hapa kina dawa yake. Wageni wa Dar es Salaam wanatucheka juu ya ile -aka yetu. Tuwaache wacheke. "Tulikuwaka", "tulikuwa tunalimaka", "walikuwa wanauzishaka": ile -aka inasema jambo lilikuwa desturi, lilikaa, lilirudia. Ndiyo había yetu. Na kwa tukio tuna "ilitokea", "iliingia", "iliangukia". Basi sema: "Hapa tulikuwa tunakaaka tangu 2006. Vita ilituangukia mwezi wa 6 mwaka 2019." Sentensi mbili. Ya kwanza ni maisha, ya pili ni tukio. Usiziweke katika sahani moja.

Tutoe mufano ambao wazee wa hapa wanaupenda. Kwa nini pahali petu panaitwa Port? Vijana wanaona mitumbwi na mashua tu. Wazee wanasema: "Kulikuwaka meli." Ni kweli. Wakati wa ukoloni meli za upande wa Uganda zilikuwa zinatoka Butiaba, zinapita Kasenyi, zinafika hapa. Kubwa kuliko zote iliitwa Robert Coryndon, iliingia ziwani mwaka 1930. Miaka ya mwanzo ya 1960 maji ya maziwa yetu yalipanda sana, bandari ya Butiaba ikafunikwa, na mwaka 1964 meli ile ikazama palepale Butiaba. Sasa sikieni tofauti: "kulikuwaka meli" ni miaka zaidi ya thelathini ya kwenda na kurudi, watu, pamba, barua. "Meli ilizama" ni siku moja. Tukikumbuka siku moja ile tu, tutasema kwamba hapa hapakuwa na kitu. Jina Port limebaki kama ile pa- tuliyoisema: pahali panaendelea kusema kile palichokuwa nacho.

Na ziwa linatuletea swali gumu. Kuko wanachama ambao uwanja wao uko chini ya maji tangu ziwa lilipopanda tena mwaka 2020. Kidole kitaonyesha nini? Maji. Kwa hao tunashauri hivi: chukua kitu ambacho hakijasogea, njia kubwa, kanisa, muembe wa jirani, na uhesabu hatua. "Kutoka muembe huu kwenda upande wa maji, hatua sitini, palikuwa na nyumba yangu." Pahali pamefunikwa, lakini hesabu inapafikia.

La nne. Kihispania kinatofautisha kitu kipya na kitu kinachojulikana. Wakileta habari mupya wanasema había una casa, palikuwa na nyumba. Wakisema juu ya nyumba ambayo wote wanaijua, wanaacha había, wanachukua neno lingine: la casa estaba ahí, nyumba ilikuwa pale. Sisi tunafanya vilevile, kwa kugeuza maneno tu. "Palikuwa na nyumba" inaileta nyumba mbele ya watu mara ya kwanza. "Nyumba ilikuwapo" inasema: ile nyumba tunayoiongea, ndiyo, ilikuwa mahali pake. Ya kwanza ni ya mwenye kutoa maneno, ya pili ni ya shahidi. Muzee akimuuliza jirani: "Nyumba ya mama huyu ilikuwapo?" jirani asianze na hadithi yake. Aseme: "Ilikuwapo. Mulango ulitazama ziwa. Nilikula ndani yake." Basi. Shahidi anayesema "ilikuwapo" anafunga mulango uliofunguliwa na "palikuwa na". Kama hakuna wa kuufunga, upepo unaingia.

Sasa wandugu, tufikie mahali panapouma. Kila "palikuwa na" ina adui yake: "hapakuwa na". Hapakuwa na mutu. Palikuwa pori tupu. Maneno haya munayasikia kila juma, na nguvu yake ni kubwa, juu wengi wetu hatuna karatasi ya serikali. Sheria ya inchi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa serikali. Mwenye cheti cha kuandikishwa ana kitu cha kushika. Sisi wa vijijini tunakaa kwa desturi: babu alipewa, baba akalima, mimi nikajenga. Kama kuko cheti, toa cheti. Kama hakuna, mali yako iko katika midomo ya majirani, katika miti uliyoipanda, katika mawe ya kaburi, na katika neno lako ukilisema vizuri. Ndiyo sababu hatuwezi kulisema ovyo.

Lakini tusiligeuze neno hili kuwa panga. Yule aliyelima uwanja wako naye ana "palikuwa na" yake. Labda alifukuzwa kwake, na kule kwake leo mwingine analima. Labda kabla ya wewe kujenga mwaka 2006, palikuwa na watu wake mwaka 1998, na wao walikimbia vita ya mbele. Pahali pamoja panaweza kuwa na ukweli wawili, kama miaka ni mbalimbali. Juu ya hiyo tunawaomba: kila palikuwa iwe na tangu na mpaka. Tangu lini, mpaka lini. Mutu akiweka miaka yake, na mwingine akaweka yake, wazee wanaweza kuziweka sambamba na kutafuta njia. Mutu asiyeweka mwaka anasema kwamba palikuwa pake tangu Mungu aumbe dunia, na maneno kama hayo ndiyo yametuzika.

Basi tulirudi kwa mama. Tulimuomba musamaha, tukaketi naye mara ya pili, mchana safari hii, na tukaandika polepole. Kwa ruhusa yake tunasoma kipande:

"Hapa, kando ya njia inayoshuka ziwani, palikuwa na nyumba zangu mbili. Moja ya matofali ya udongo, bati kumi na sita, milango miwili. Moja jiko la majani. Nilizijenga na bwana yangu mwaka 2006. Tulikuwa tunakaaka humo na tunalimaka nyuma yake, mpaka mwezi wa 6 mwaka 2019. Siku hiyo vita ilituangukia, tukakimbilia mitumbwi. Muembe tulioupanda uko mpaka leo. Mutoto wetu amelala nyuma ya jiko, mawe saba yako juu yake. Majirani wawili watakuja kusema kama ilikuwapo ao hapana."

Karatasi iliposomwa, muzee yule wa mara ya kwanza hakuuliza kitu. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akasema: "Twende tuone pa-." Watu walicheka, lakini walimufuata. Muembe ulikuwapo. Mafiga mawili ya jiko yalikuwapo, la tatu halikuonekana. Mihogo ilikuwa imepandwa kuzunguka mawe saba, haikupandwa juu yake. Yule mulimaji alisimama pale kimya, kisha akasema: "Niliona ni kaburi. Sikujua ni la nani." Majirani wakasema ilikuwapo. Wazee wakapanga hivi: mulimaji avune mihogo yake yote, juu ni jasho lake, kisha aache uwanja wa nyumba. Shamba la nyuma bado linasikilizwa, hatutawadanganya kwamba yote yamekwisha. Lakini mama amekwisha kusimamisha nguzo nne, na mulimaji mwenyewe alisaidia kuchimba shimo moja.

Kutokana na hayo komite imeamua mambo ambayo tunawaomba muyashike.

Kila mwanachama mwenye neno la uwanja ao shamba aje siku moja kabla ya mukutano, mchana, na si jioni. Aje na majirani wawili wanaojua, hata kama si wa kabila lake. Afazali hasa wasiwe wa kabila lake. Tutaandika katika daftari ya chama maneno sita: pahali panapoonyeshwa kwa kidole, vitu na hesabu yake, ya nani, tangu lini mpaka lini, jambo gani lilitokea, na kitu gani kinaonekana mpaka leo. Atasomewa mara mbili kabla ya kuweka kidole. Kama hakubali sentensi moja, tutaifuta. Wenye kuandika wasifanye haraka tena. Sisi tumeona bei ya haraka.

Na kwa watoto wetu tunaomba kitu kingine. Wengi walizaliwa ng'ambo. Wakisema "kwetu", wanawaza kambi, foleni ya maji, mabomba, masomo chini ya hema. Hawana kosa, kule ndiko walikokua. Musiwaeleze kijiji wakiwa wamelala. Muwapeleke. Musimame pahali penyewe, munyoshe kidole, museme: "Hapa palikuwa na nyumba ya nyanya yako. Hapa palikuwa na kisima. Hapa tulikuwa tunachezaka mupira." Mutoto akiona pahali, hatasahau neno. Siku moja ataulizwa naye, na ninyi hamutakuwapo kumujibia.

Tumalize na kitu ambacho mwenzetu wa Bunia alituachia jioni ya mwisho. Kwa Kihispania, wakitaka kusema "tulikuwa watu watano pale", walimu wanakataza kutumia había kwa sisi. Había ni ya vitu na ya watu wengine. Lakini watu wa kawaida, wengi, wanavunja sheria. Wanasema habíamos. Wanajisukuma wenyewe ndani ya lile neno. Walimu wanafuta, wao wanarudia. Mwenzetu alituuliza: kwa nini wanang'ang'ania? Tukajibu wenyewe: juu mutu hataki kusema juu yake kama vile anasema juu ya kiti. "Kulikuwa watu" anaweza kuisema yeyote, hata aliyekaa mbali na kusikia redioni.

Kwa bahati Kiswahili hakitukatazi. Tuna neno letu zuri, bila kosa, na mwalimu yeyote atalikubali: tulikuwako. Nyumba zilikuwako, meli zilikuwako, soko lilikuwako, na sisi tulikuwako. Wengine kati yetu hawakurudi, na majina yao yako katika daftari yetu, ukurasa wa kwanza. Nao walikuwako. Mutu akisema mbele yenu "kule hapakuwa na mutu", musimutukane, musimupige. Musimame wawili ao watatu, museme pahali, museme hesabu, museme miaka, kisha museme: tulikuwako. Na leo tuko.

Mutunza-sanduku, ni saa yako.